Chembe cha Moyo

...na wala si kidole, Usha alikuwa anasema huko juu ya kichwa chake, si kidole, Mama Nelly, ngumi, daktari alimwambia Baba Pritesh nionyeshe panapouma, naye akafumba ngumi akaiweka hapa, na Paskazia, aliyepiga magoti juu ya saruji huku mdomo umejaa pini, hakuinua uso kutazama hapo ni wapi, kwa sababu upindo wa gauni ulikuwa unamtaabisha, hariri ya Bombay inateleza kama kambare, ukiibana huku inakuponyoka kule, na Usha naye hatulii, kila neno na mkono wake, kila mkono na kiuno chake, na kiuno kikizunguka upindo unapanda upande mmoja... simama, mama, simama kama nguzo, angemwambia, ila mwenye pini mdomoni hasemi, hiyo ndiyo sheria aliyopewa na fundi aliyemfundisha kushona, mdomo wenye pini ni mlango uliofungwa, binti, ukijitia kuzungumza utameza chuma, basi wateja husema na fundi husikia nusu, nusu nyingine ni kazi... ngumi, amesema ngumi? Alikwisha kuisikia hadithi hii vipande vipande tangu Usha na mumewe Praful, huyo Baba Pritesh, warudi kutoka India, mtaa mzima wa Nyahanga umeisikia, mwenye duka alikwenda kutibiwa akarudi hai, amelazwa hapo ghorofani anakula choroko za kuchemsha zisizo na chumvi, na mkewe amerudi amekonda kwa hofu kiasi kwamba hakuna gauni lake hata moja lisilomcheza mwilini, ndiyo maana leo asubuhi Paskazia ameacha cherehani yake barazani, mbele ya duka lao, akaingizwa huku sebuleni na futi yake shingoni, kupunguza hili, kukunja lile, na kusikiliza mashine. Mashine ile, Usha anasema, ni kubwa kama simtanki lililolazwa, imetobolewa katikati, mtu analazwa ubaoni anasukumwa ndani kama mkate kwenye tanuri, na haina mionzi kama eksirei, ni sumaku, sumaku tupu, Mama Nelly, sumaku inayoweza kuuona moyo ukiwa unadunda, na wakati inafanya kazi inapiga kelele kama watu wanaogongelea mabati, ko ko ko ko, mtu yumo ndani peke yake anaambiwa vuta pumzi, shika, achia, na Paskazia akachoma pini moja kwenye upindo akawaza kwamba hivyo ndivyo anavyomwambia Nelly akimvalisha sare iliyombana, vuta pumzi, shika, na akacheka puani, bado anacheka, bado hajajua, sekunde ile bado ilikuwa yake.

Maana Usha akaendelea, na kuendelea kwake ndiko kulikokuja na balaa. Mwanza, alisema, walimfunga waya kifuani wakachora mistari kwenye karatasi, mistari mizuri, wakasema moyo mzima, mzee, nenda nyumbani upunguze samli, na hawakukosea, wale wa Bombay wenyewe walisema hawakukosea, ila walimpima amelala, na moyo wa Baba Pritesh ukilala ni mzima, akikaa ni mzima, akila, akigombana na mimi, ni mzima, ukimpa kazi ndipo unapolia, sasa kule ndani ya mashine wakamchoma sindano ya dawa inayoukimbiza moyo huku mtu amelala kimya, nilidhani wanamwua, na sumaku ikapiga picha, na kwenye picha, ngoja nikuonyeshe... na akaondoka na pini zake zote, gauni likiburuzika, akatoa nyuma ya kabati karatasi kubwa nyeusi ya plastiki, akaibandika kwenye kioo cha dirisha kwa viganja viwili, na jua la Kahama likapita ndani yake. Vilikuwa viduara vyeupe, vingi, vimepangwa kama vitumbua kwenye kikaango, na kila kimoja kilikuwa moyo wa Praful umekatwa kwa mwanga, huu ukuta, Usha akasema, na huku ndani damu, na Paskazia, aliyefika kidato cha nne akachora moyo kwa penseli nyekundu na ya buluu mpaka mwalimu akaupitisha darasani, aliuona ukuta, aliiona damu, kisha akaona pale ambapo kidole cha Usha kilikuwa kinagusa, chini, alama nyeusi kama doa la masizi ya chungu jikoni, hapa damu ilichelewa, kote ilifika, hapa ilichelewa, mshipa umeziba kwa mafuta, moyo ukienda mbio kipande hiki kinabaki nyuma... kama jaruba la mwisho, akawaza Paskazia, maji yanaingia majaruba yote ya juu, mpunga unasimama kijani, la mwisho linakauka kwa sababu mfereji umejaa tope, na mwenye shamba akipita barabarani anaona kijani tu... wakamwuliza, Usha anasema, ulianza lini, mzee, naye akasema hakuna kitu, ni gesi tu, ndipo nikasema mimi, nikasema daktari, huyu mtu mwaka mzima akipanda ngazi anasimama katikati, nikimwuliza ananiambia anasoma kalenda, kalenda ya ukutani, Mama Nelly, kalenda ya mwaka juzi. Na Usha akacheka, akarudi kusimama mahali pake, geuka basi nimalizie, Paskazia akamzungusha kwa mkono, akaokota upindo, na upindo ukabaki mkononi mwake bila kushonwa wala kuchomwa, kwa sababu kichwani mwake ulikuwa umeingia mnyororo.

Mnyororo wa baiskeli. Masele, mumewe, alipokuwa anabeba mkaa kwa baiskeli kutoka njia ya Ushirombo, magunia mawili nyuma, yeye anasukuma, siku ambayo Paskazia alimfuata kumpelekea chakula, palepale kwenye mwinuko alisimama akainama, akashika mnyororo, mnyororo umelegea, Mama Nelly, ngoja niukaze, akainama muda mrefu mgongo wake ukipanda na kushuka, jasho linadondoka kwenye pedeli na asubuhi ilikuwa ya baridi, kisha akainuka, haya, twende, na kwenye mwinuko mwingine ukalegea tena, naye Paskazia, mwanamke wa vitendo, asiyependa kitu kibovu kilalamikiwe mara mbili, alikwenda akanunua mnyororo mpya, akauleta umefungwa kwenye gazeti, Masele akauangalia kama mtu anayepewa mtoto asiye wake, akasema ahsante, na ule mpya nao ukalegea... mnyororo haukuwa mbovu, Mungu wangu, mnyororo haukuwa mbovu hata siku moja... na kalenda ya mwaka juzi, na Usha huko juu anacheka. Halafu meno, sasa yeye ndiye aliyekuwa anataka Usha asiseme meno, alibana pini kwa midomo akamwomba kimoyomoyo asiseme meno, naye Usha akasema, halafu lile jambo la taya, wewe, lilinishangaza, maumivu yanatoka kifuani yanapanda mpaka kwenye taya, huku kushoto, na kwenye mkono, mpaka kidole cha mwisho kinakufa ganzi, Baba Pritesh alikuwa anatafuna karafuu, anadhani jino, na Paskazia akaona magego mawili kwenye kiganja cha Masele, magego ya chini, ya kushoto, meupe, mazima, mtu wa meno alimwambia bwana haya hayana tundu, Masele akasema ng'oa, yanauma nikipandisha mzigo, mtu wa meno akacheka, jino linajuaje kwamba umebeba mzigo, hata Paskazia alicheka, walicheka wote watatu mle chumbani, na meno yakang'olewa, na baada ya wiki yakauma yakiwa hayapo.

Sasa hakuweza kutazama upindo. Alitazama pazia. Pazia la mlango wa mbele lilikuwa linapumua kwa upepo, likiinuka anaona baraza, cherehani yake imefunikwa khanga, na kwenye benchi kando ya cherehani mgongo wa Masele ndani ya shati lile alilompigia pasi yeye mwenyewe alfajiri, likishuka haoni kitu, likiinuka ni Masele tena, mabega mapana, miguuni mfuko wa rambo wenye shuka na tochi, anangoja Landrova ya Onesmo wa machimboni impeleke Nyarugusu kwenye duara jipya, shimo la dhahabu. Tangu wachimbaji wadogo waondoke Bulyanhulu amekuwa mtu wa mkaa na kiwiliwili chake kinamwasha, kazi ya mwanamume ni mwamba, anasema, na juzi Onesmo amekuja na habari ya mwamba, duara la kina, kamba, ngazi za miti, mawe yanapandishwa mgongoni kwenye viroba kutoka chini mpaka juani, wanatafuta watu wenye nguvu, na nani ana nguvu kama Masele. Mtu akapita barabarani akamsalimu, mwangaluka, naye akaitika mwangaluka kwa sauti iliyojaa, sauti ya mtu mzima kabisa, na ndiyo hiyo, ndiyo hiyo iliyomkata maini Paskazia, kwa sababu amekaa, akikaa ni mzima, akila ni mzima, akicheka na wapita njia ni mzima, ukimpa kazi ndipo... na kazi ndiyo hiyo inakuja na Landrova. Injini ikanguruma pembeni ya duka na pini moja ikamchoma ulimi, akaonja chumvi ya damu, gari likapita, lori la pamba, si Onesmo, si Onesmo bado. Chembe cha moyo, Masele alikuwa anasema, kila siku, chembe cha moyo kinanibana, na nani alimsahihisha? Kaka yake alisema amelogwa, kuna mtu wa machimboni kamfunga jiwe kifuani kwa wivu wa dhahabu, twende kwa mganga, na Paskazia aliwacheka wote wawili, yeye wa kidato cha nne, akasimama katikati ya nyumba kama mwalimu, akamwambia mumewe sikiliza, Baba Nelly, chembe cha moyo ni jina tu, watu wa zamani hawakujua, pale chini ya kifua si moyo pale, ni tumbo, moyo uko huku, wewe una vidonda vya tumbo, acha pilipili, acha maharage, tafuna hizi magnesiamu, kunywa maziwa, na Masele, asiyebishana na shule, alitafuna vile vidonge vyeupe mpaka midomo ikawa kama ya mtu aliyelamba chokaa, na alipokuwa anamweleza, kila alipokuwa anamweleza, alikuwa ameweka ngumi, si kidole, ngumi, katikati ya kifua, kubwa, imefumbwa, kama mtu anayebisha hodi ndani mwake mwenyewe. Jina tu! Alisema moyo naye akamwambia si moyo. Mtu wa watu alilitaja lile neno kwa lugha nyepesi kabisa, moyo, moyo, na mkewe akalifuta ubaoni.

Mama Nelly umenichoma, Usha akasema, akapeleka mguu nyuma, na Paskazia akaomba radhi kwa mkono. Usha hakukasirika, alikuwa amefika kwenye funguo, kipande anachokipenda. Kabla ya kumwingiza kwenye sumaku walimvua kila kitu, saa, pete, mkanda, wakamwuliza una chuma mwilini, mzee, akasema sina, na kumbe amefunga kiunoni funguo za ghala, mume wangu huyu, kavuka bahari na funguo za ghala, yule kijana wa mashine akamkemea kama mtoto, zingechomoka ziruke, nikamwambia Baba Pritesh, funguo za Kahama zitafungua nini Bombay... na huko ghorofani Praful mwenyewe akagonga sakafu kwa fimbo, akaita kwamba anasikia anasemwa, na kama kusema kwenyewe ni kwingi hivyo basi mtu amletee chumvi, na Usha akajibu kwa Kigujarati maneno ambayo hayakuhitaji kutafsiriwa. Chuma mwilini. Masele ana chuma. Chini ya nyusi ya kulia, kijipande cha tindo kiliruka alipokuwa anavunja mwamba Bulyanhulu, kikaingia, ngozi ikafunga juu yake, ukikigusa unakisikia kama punje ya mchele, Nelly alipokuwa mdogo alipenda kukitafuta kwa kidole, basi hata angepelekwa Bombay, hata mtu angemwokota kwa huruma akampandisha ndege, sumaku ingekitaka kile chuma, ingekivuta kupitia jichoni, na kijana wa mashine angesema huyu haingii. Mlango wa kule umefungwa mara mbili, kwa umbali na kwa jicho, na Paskazia akajishangaa kwamba jambo hilo halikumliza, lilimkausha, likampa akili baridi kama ya mtu anayepima kitambaa kisichotosha, anageuza, anageuza tena, hakitoshi kwa gauni, je, kinatosha nini? Mashine haipo, haitakuwepo, lakini kile ambacho mashine ilikitafuta amekwisha kukiona, ameletewa hapo dirishani. Na dawa? Aliinua kichwa kwa mara ya kwanza, akaashiria kwa mkono, kumeza, kumeza, na Usha akaelewa, ah, dawa, walimpitishia mrija mwembamba kutoka pajani mpaka moyoni wakaupanua mshipa, hiyo hatuna huku, lakini sasa anakula aspirini, Mama Nelly, nusu kidonge kila siku, aspirini hii hii ya dukani, nilitaka kucheka, na vingine vidogo vya kuweka chini ya ulimi kifua kikimbana, nimebeba vya kutosha mpaka mwaka ujao, na asibebe kitu, hilo daktari alinishika mkono akaniambia, huyu akibeba mzigo mzito kwenye mwinuko safari hii, mama, hatasimama kusoma kalenda, ataanguka hapohapo.

Pazia likainuka. Masele alikuwa amesimama, amejinyoosha, anaangalia barabara kwa kiganja usoni. Kisha akaketi. Haya, mwambie, mwite sasa hivi, tema pini umwambie, mwambie nini? Mwambie moyo wako mbovu? Mtu mwenye moyo mbovu ni mchawi. Mwambie huna moyo, hapo umemwambia mwoga. Mwambie moyo unaumwa, atakwambia si ulisema ni tumbo, na atakuwa hakusudii kukuumiza, atakuwa anauliza kweli, na hapo utajibu nini mbele ya Onesmo na wenzake waliojazana nyuma ya gari, watacheka, mwacheni bwana, mama kamkataza, atakaa barazani akimpigia mkewe pasi nguo za wateja, na Masele atacheka nao na kupanda, ndivyo alivyo, ulimkataza kwenda Geita mwaka ule wa mafuriko akasema sawa mke wangu na kesho yake kitanda kilikuwa baridi. Kwa ajili yake mwenyewe Masele habaki mahali popote, hajawahi, ukimwambia pumzika ataona unamwita maiti. Na Paskazia anamjua, anamjua kama anavyojua upande wa kitambaa unaovutika na usiovutika, mara moja tu alibaki, mara moja, mimba ya pili ilipoharibika na yeye Paskazia akalazwa, dhahabu ilikuwa imetoka kwao wiki ile ile, wenzake wakamtumia mtu, wakamtumia na mwingine, Masele alikaa kwenye kile kibenchi nje ya wodi na kofia mikononi, akawaambia nitakuja akitembea, na hakuinuka mpaka alipotembea. Basi. Injini nyingine, kutoka upande wa stendi, ya dizeli, inakohoa, hii ndiyo, hii inapunguza mwendo... hapana, bado iko mbali, lakini ndiyo, ni ya Landrova... na Usha anauliza mbona umesawajika hivyo, Mama Nelly, umemeza pini? Umenisikia kweli? Paskazia akaweka kiganja chini ya kidevu, akatema pini zote mara moja, zikatoka na ute na damu kidogo, akazilaza sakafuni kwa mstari kwa sababu pini zikitawanyika kuna mtu atakanyaga, kisha akasema kwa sauti ya chini, ya mtu anayeagiza uzi dukani, "Mama Pritesh, nenda barazani umwambie Baba Nelly nimeanguka."

Usha akamtazama pale alipopiga magoti, akasema lakini hujaanguka, na Paskazia akashusha kiwiko, akashusha bega, akalaza shavu kwenye saruji, ilikuwa baridi na inanuka mafuta ya taa ya kupigia deki, akavuta khanga ikafunika miguu, na kutoka huko chini aliona, kupitia upenyo wa pazia, visigino vya Masele ndani ya makubadhi, vimetulia, na mfuko wa rambo kando yake, na vumbi la Landrova bado halijafika. Usha alielewa au hakuelewa, hakuuliza tena, aliinua gauni lake lililopindwa nusu akaelekea mlangoni, mkono wake ukawa tayari kwenye pazia, kinywa tayari kimefunguka kupiga ukelele kama wanawake wanavyopiga, ndipo Paskazia akainua kichwa ghafla kutoka sakafuni.

"Lakini mwambie asikimbie."